Behewa Lisilo na Nguzo

Kaka yangu Masanja ana mguu mmoja, na watu wa Masumbwe hawajakubaliana ni nani aliyesababisha akaupoteza wa pili. Wapo wanaosema ni tamaa yake mwenyewe. Wapo wanaosema ni behewa la treni la urefu wa nusu mita, lililochongwa kwa mbao na bati na mzee mmoja wa mtaa wetu. Mzee huyo sitamtaja jina, na wala hatakosa kitu, maana mtaani hakuna anayelitumia. Ni Fundi, basi. Mafundi tunao wengi, wa pikipiki, wa cherehani, wa simu, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu wanajua unamsema yeye. Nimemfahamu kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa nikigombana naye. Nataka niseme alivyo kabla wabishi hawajamgeuza kuwa malaika au mchawi.

Kazi yake ilikuwa matimba. Kwa asiyeishi na wachimbaji, matimba ni magogo yanayopangwa ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, ili udongo usiwafunike watu. Aliyapanga kwenye machimbo ya Rwamgasa kwa miaka mingi, kisha akahamia kwetu na kuyapanga kwenye machimbo ya jirani, na katika muda wote huo duara alilolishughulikia halikuwahi kumeza mtu. Hilo hakulisema yeye. Walisema wengine, naye akiwasikia aliwakatisha kwa ukali: "Msinihesabie. Bado nafanya kazi."

Hakuamini kitu ambacho hajakigonga. Kabla watu hawajashuka, alishuka yeye na nyundo ndogo, akagonga kila gogo na kila ukuta, akainamisha kichwa na kusikiliza. Tabia hiyo akaibeba mpaka nje ya machimbo. Aligonga mkate dukani. Aligonga meza ya padri siku alipoitwa kuulizwa habari za uzio wa parokia. Mume wangu alipokuja kujitambulisha nyumbani kwetu, Fundi alialikwa kama jirani. Baada ya kumpa mkono akamgonga bega kwa kiganja, tup, tup, na kuinamisha kichwa vilevile. Wajomba zangu walicheka mpaka wakakohoa. Mimi sikucheka, nilikuwa nasubiri jibu.

"Huyu hana uwazi ndani," akasema.

Mume wangu hajamsamehe mpaka leo. Na ukimpelekea Fundi habari yoyote, ya bei ya mpunga au ya mgombea aliyeahidi lami, jibu lake lilikuwa moja: "Sijaigonga."

Mimi nina steshenari karibu na stendi. Natoa fotokopi, nachapa picha, nafunika vyeti kwa plastiki. Fundi alianza kuwa mteja wangu siku watu walipoanza kutumiana video za mabehewa ya ghorofa ya treni ya umeme. Huku kwetu reli hiyo ilikuwa bado; tuliona tuta lake tu tukienda Shinyanga mjini, na malori ya kokoto. Magoti yalikuwa yameshamtoa Fundi kwenye kazi ya kushuka shimoni, akawa anashinda kwa kinyozi. Huko ndiko alikoiona video, akaja dukani kwangu akihema.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mama Neema, watu wamekaa juu ya watu."

"Wapi?"

"Kwenye treni! Ghorofa nzima, na chini yake hakuna nguzo hata moja. Nitafutie picha. Nichapie kubwa."

Nilimchapia. Mtu aliyeishi kwa kusimamisha nguzo alikuwa ameona sakafu imebeba watu bila nguzo, na hakulala vizuri tena. Alichukua picha zote nilizozipata kwenye simu, za nje na za ndani, akarudi kulalamika kwamba wino wangu ni hafifu na mstari wa madirisha hauonekani. Kisha akaanza kuchonga.

Kipimo chake kilikuwa sentimita mbili kwa kila mita moja ya behewa lenyewe, na kwenye kipimo hakuwa na mzaha. Kila msafiri aliyekwenda Dodoma au Dar na kupanda treni hiyo alipewa uzi na maagizo. Pima upana wa kiti, funga fundo. Pima kimo cha ngazi, funga fundo. Sista mmoja wa parokia alipima njia ya kati ya viti vya ghorofa ya juu, mlinzi akamuuliza anatafuta nini, akajibu kwamba ametumwa na mzee asiyekubali ndiyo wala hapana. Sista alirudi na uzi wenye mafundo tisa. Fundi alimshukuru, halafu akamuuliza kama aliuvuta sawasawa au aliuacha ulegee.

Behewa la ghorofa, kama hujaliona, lina tumbo. Kwenye ncha zote mbili, juu ya magurudumu, sakafu iko kimo cha kawaida. Katikati ya magurudumu inashuka chini kabisa, karibu na reli, na humo ndimo wanamokaa abiria wa chini. Wengine wanapanda ngazi fupi na kukaa juu ya vichwa vya wenzao. Wa chini akichungulia dirishani stesheni anaona viatu. Fundi alilitengeneza tumbo hilo mara nne. La kwanza lilikuwa refu mno, la pili lilibana vichwa vya abiria wake, aliowachonga kwa vijiti vya mshikaki. La tatu sijui lilikosa nini, alilikanyaga kwa mguu kabla sijaliona. Kuta zilikuwa bati la debe la mafuta ya kula, viti mbao ya mninga, na vioo vilikuwa chupa za maji alizozinyoosha kwa pasi. Pasi ilikuwa yangu. Aliirudisha ikiwa na plastiki imeganda chini, bila neno la pole, na mwezi mzima sikumsalimia.

Usidhani mtu wa namna hiyo ni makini kwa kila kitu. Banda lake la kuku lilikuwa limeegemea mpapai, na mlango wa jiko lake ulishikwa na kamba. Aliwafokea vijana aliowafundisha kazi mpaka wengine wakalia, kisha akawapikia ugali kwa mikono yake mwenyewe na kuhakikisha kila mmoja kashiba. Na huyu aliyekataa kusifiwa kwa maisha ya watu aliyoyalinda, alipenda kusifiwa kwa behewa kuliko alivyoweza kuficha. Kila Jumapili baada ya misa aliliweka juu ya meza mbele ya duka langu, akawa anafuta vioo vilivyokwisha kung'aa, akisubiri mtu aulize. Akipatikana, alimwinamisha mpaka jicho likawa sawa na dirisha la chini.

"Chungulia. Unaona mpaka upande wa pili?"

"Naona, Fundi."

"Gete, kweli kabisa! Hakuna kinachokuzuia."

Jumapili moja aliyeinama alikuwa Masanja. Kaka yangu alikuwa na duara kwenye machimbo yaliyo mwendo mfupi wa pikipiki kutoka hapa. Duara hilo lilikuwa na njia mbili, moja imechimbwa chini ya nyingine, na kati yake kulikuwa na tabaka la udongo na mawe lililobebwa na nguzo alizozipanga Fundi kabla magoti hayajamshinda. Masanja alichungulia kwa muda mrefu. Ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alizunguka tu meza na kuchungulia upande wa pili. Nilifurahi, nikidhani behewa limemgusa moyo.

Wiki hiyohiyo, siku ya Alhamisi, alikuja dukani kufunika leseni yake kwa plastiki. Fundi alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha wateja, anachagua picha.

"Shikamoo, Fundi. Wabeja, asante sana. Lile behewa lako limetufungua macho."

"Marahaba. Kwa lipi?"

"Zile nguzo za katikati zilikuwa zinatuzuia kupitisha viroba vya mawe. Tukasema, kama watu wanakaa ghorofani na chini hakuna nguzo, kumbe kuta zinatosha. Tumezing'oa."

Fundi aliweka picha chini. "Ngapi?"

"Zote."

"Lini?"

"Jana. Leo viroba vinapita kama maji."

"Na sasa hivi chini kuna watu?"

"Wapo saba," Masanja akasema, na tabasamu lake likaanza kulegea.

Tulipakizana watatu kwenye pikipiki ya Masanja. Duka nililiacha wazi. Njia nzima kaka yangu alikuwa akibisha huku ameigeuza shingo, kwamba udongo wa pale ni mgumu, kwamba wamelala salama na wameamka salama. Fundi, aliyekuwa nyuma yangu, alimwambia atazame njia.

Pale duarani aliazima nyundo, akatia mguu kwenye kitanzi cha kamba na kuwaambia vijana wa winchi wamshushe. Magoti yake sijui yalikwenda wapi. Masanja akafuata. Nilibaki juu, nimeshika gogo la mdomo wa shimo, nikisikiliza. Nyundo ikasikika, tup, tup. Ikanyamaza. Ikagonga mara moja zaidi, na baada ya hapo nikasikia watu wakigombana.

Yaliyotokea chini alinisimulia Masanja mwenyewe, baadaye, kitandani. Ukuta ulitoa sauti nzito ya kitu kilichoachana na mwenzake. Vumbi lilianza kuwadondokea kichwani, jembamba kama unga unapochekechwa. Fundi aliwaambia wachimbaji waache vyombo na watoke mmoja mmoja bila kukimbia. Walimtazama Masanja, maana ndiye bosi wao. Fundi alipoona hivyo, alitembea mpaka katikati, pale nguzo zilipokuwa, akakaa chini.

"Fundi, toka hapo!"

"Sitoki mpaka wa mwisho atoke."

"Si wewe mwenyewe uliyeonyesha kwamba kuta zinabeba?"

"Za behewa! Kule ukuta na sakafu vimechomelewa, vimekuwa chuma kimoja. Huu ni udongo, Masanja, umesimama tu kwa sababu hakuna aliyeusumbua."

"Ungeniambia!"

"Hukuniuliza."

"Niliangalia," Masanja akasema. "Niliangalia behewa lako vizuri sana, Fundi."

Kisha akawageukia vijana na kuwaambia watoke.

Juu nilihesabu vichwa. Kila kamba ilipopanda nilivuta pumzi, na iliposhuka niliishikilia. Wa tano. Wa sita. Wa saba alitoka analia, mtu mzima mwenye ndevu. Walibaki wawili, na kamba ilishuka ikakaa bila kutikiswa. Walikuwa wanabishana nani atangulie. Nilipiga kelele nikiwatukana wote wawili, matusi ambayo sikujua ninayajua. Masanja alimnyanyua mzee kama kiroba, akamtia mguu kwenye kitanzi na kutikisa kamba. Fundi alipanda akimfokea kwa Kisukuma, na kabla hajakanyaga ardhi, duara lilikohoa. Vumbi lilitoka mdomoni mwa shimo likatufunika sote.

Walimfikia kaka yangu jua linapozama. Alikuwa hai. Mguu ulikuwa chini ya jiwe ambalo wanaume sita walilisogeza kwa shida, na hospitali hawakuweza kuuokoa.

Baada ya hapo Fundi akawa shujaa, bila kutaka. Wake za wale saba walimpelekea mchele na kuku. Padri alimtaja kanisani, naye akasimama katikati ya mahubiri akatoka nje. Behewa alilifunika kwa gunia na kulisukuma chini ya kitanda, na dukani kwangu hakukanyaga tena. Nilipomfuata kwake alinipa kiti, akanipa maji, na kila nilipomtaja Masanja alinyanyuka kwenda kuangalia kuku. Sokoni, akisikia magongo yanakuja, alipotelea kwenye mabanda ya mitumba.

Kaka yangu naye alikuwa na yake. "Mwache," alikuwa akiniambia. "Mimi ndiye niliyeng'oa. Alinipangia nguzo nzuri nikazing'oa, na karibu nimuue yeye mwenyewe. Ananidharau, na ana haki." Nilimwambia si kweli, lakini sikuwa na ushahidi. Karibu miaka miwili waliishi hivyo, mtaa wa tatu kutoka mmoja hadi mwingine, na mimi katikati nikiwapelekea salamu ambazo hakuna aliyezituma. Niliumia. Masanja alikuwa amepoteza zaidi ya mguu wake. Alikuwa ameacha kucheka, ameacha kubishana, na kwa mtu kama yeye huko ni kufa kidogo kidogo. Niliamini neno moja la Fundi lingemfufua, na neno hilo Fundi hakulitoa.

Mwezi uliopita nilikuwa na safari ya Dar kuchukua mzigo wa duka. Basi mpaka Dodoma, kisha treni. Sijui nani alimwambia Fundi, lakini asubuhi nilimkuta stendi amevaa koti, begi dogo mkononi.

"Unakwenda wapi, Fundi?"

"Nataka kuligonga lenyewe," akasema.

Ndani ya basi nilipata muda wa kumtazama. Alikuwa amezeeka, shingo yake imekuwa nyembamba ndani ya kola. Dodoma, stesheni, alisimama mbele ya behewa la ghorofa akalitazama kutoka ncha moja hadi nyingine, midomo ikicheza, anahesabu madirisha. Sikumharakisha. Tiketi zetu zilikuwa za juu. Yeye alipita ngazi za kupanda kana kwamba hakuziona, akateremka tumboni, nami nikamfuata na mabegi. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa. Aligonga tena mbele kidogo. Abiria wakaanza kutazamana.

"Babu, kuna tatizo?" mhudumu akauliza.

"Hakuna, mwanangu. Ni zima."

Treni ikaondoka. Nilidhani sasa atakaa, lakini alirudi mpaka chini ya ngazi akasimama. Pale palikuwa na bomba la chuma linalong'aa, jembamba, kutoka sakafuni mpaka darini, la watu kujishikilia. Alilishika. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mpaka imechakaa. Ilikuwa picha niliyomchapia mimi, ya ndani ya behewa, na kidole chake kilionyesha mstari mweupe uliosimama pembeni.

"Nguzo hii hapa."

"Hilo ni bomba la kushikilia tu, Fundi. Halibebi chochote."

"Mimi najua halibebi. Masanja angejua?"

Niliitazama ile picha tena.

"Niliiona tangu mwanzo," akasema. "Niliichonga, nikaiweka mahali pake. Mtu akichungulia dirishani inamkatia macho, haoni mpaka upande wa pili. Nikaona inaharibu sura. Nikaing'oa. Angeichungulia akaona hata nguzo moja tu, asingezigusa zake. Wa kwanza kung'oa ni mimi, Mama Neema. Wote wananishukuru, na wa kwanza ni mimi."

Nilimkasirikia. Nasema wazi, nilitaka kumpiga, mzee yule, mbele za watu. Si kwa ajili ya bomba. Ni kwa miaka miwili ambayo kaka yangu alibeba kosa lote peke yake, wakati mtu wa kumsaidia kulibeba alikuwa mtaa wa tatu anaangalia kuku.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nitamwambiaje mtu aliyenitanguliza kwenye kamba?"

Nilitoa simu nikampigia Masanja. Fundi alinitazama kwa hofu ambayo sikuwahi kuiona kwake hata siku ile mdomoni mwa shimo, ila hakunizuia. Nilimweleza kaka yangu yote, picha, bomba, alivyolichonga na alivyoling'oa. Mtandao ulikatika mara mbili nikampigia tena. Nilipomaliza, upande wa pili nilisikia kuku, nilisikia mtu akipita na redio. Kisha nikasikia kitu nilichokuwa nimekisahau, pumzi ya Masanja anapojiandaa kubisha.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko hapa kwenye ngazi. Amelishika hilo bomba."

"Hataki kukaa?"

"Hataki."

"Na treni inakwenda?"

"Inakwenda."

"Mwambie aishike vizuri hiyo nguzo," Masanja akasema. "Hiyo treni inakimbia sana, na yeye ni mzee. Na akirudi aje hapa, nina maneno naye."

Nilimwambia Fundi, neno kwa neno. Aliweka begi lake sakafuni, taratibu, akaleta na mkono wa pili kwenye bomba.